Kumbukumbu ya Mama, Aliyesimamisha Vitamini

Mama, mwaka umezunguka tangu asubuhi ile ulipoaga ukiwa na haraka zako, chai umeinywa ukiwa umesimama, na moyo wako ukagoma kwenye ngazi za taasisi yako ya utafiti kabla hujafika mlangoni. Baba bado anatandika kitanda upande mmoja. Upande wako hauvurugiki.

Majirani walikuita Mama Panya, nawe uliitika. Kazi yako ilikuwa kulisha panya weupe vitamini na kuona kama itawakinga na saratani ya mapafu. Ulipasha viganja joto kabla ya kumshika hata mmoja. Ulipomchoma sindano ulimwambia "pole, bibi," awe dume awe jike. Lakini siku panya wa mtaani alipokatiza jikoni kwetu, ulipanda juu ya kiti na kupiga yowe lililotoa watu majumbani. Baba alicheka hadi akakaa sakafuni. "Huyu sijui anatoka wapi!" ulijitetea. "Wangu nawajua wazazi wao!"

Chumba chao kilikuwa hakina dirisha. Ulituingiza mara moja, tumevalishwa makoti yanayoburuta: mlango, halafu mlango mwingine, halafu harufu ya maranda na mvumo wa mashine ya hewa. Mlango wa pili ulipojifunga nyuma yetu, masikio yalizibika. Tulitaka kutoka papo hapo. Wewe ulishinda humo miaka.

Jaribio lako la kwanza, lile dogo, lilileta furaha. Panya waliokula vitamini walipata uvimbe mchache kuliko wenzao. Ukahojiwa redioni, na ingawa ulirudia kwamba ni mapema mno, watu walisikia walichotaka kusikia. Aliyesikia kuliko wote ni kaka yako, Mjomba wetu, fundi rangi wa magari, mvutaji sigara tangu ujanani. Akanunua chupa ya vidonge. Kila Jumapili alikuja kula kwetu, akatoa kidonge mfukoni, akakiinua juu kama anayetoa hotuba.

"Kwa afya ya panya wa mdogo wangu!"

Kisha akatoka barazani kuvuta. Ulipomsema, alikujibu ana kinga sasa, tena kinga ya nyumbani.

Jaribio la pili lilikuwa kubwa. Vizimba vingine vilikuwa na kibandiko cha kijani, vingine cha manjano, na wewe hukutakiwa kujua ni rangi ipi iliyopewa vitamini, ili macho yako yasipendelee upande. Waliojua ni mkuu wa taasisi na yule mzee aliyechanganya chakula. Hata Baba alikuwa haelewi kwa nini mtu afichwe kazi yake mwenyewe. Ulimwambia, "Nikijua, nitaona ninachotaka kuona. Hata mimi ni binadamu."

Halafu panya wa kijani wakaanza kukonda. Walipumua kwa kuinua mabega. Ulituambia baadaye kwamba mwanzoni ulijipa moyo: huenda kijani ndio wasiopewa kitu. Lakini panya wa chakula cha kawaida uliwajua, uliwalea kwa miaka, na hawakuwahi kuugua mapema hivyo. Kila ulipowapima uzito, wazo lilelile lilirudi: huenda vitamini ndiyo inayowaua.

Tuliona nyumbani, hatukujua tunachokiona. Uliacha kuimba ukipika. Uliulizwa jambo ukajibu jingine. Jumapili Mjomba alipoinua kidonge chake, ulitazama sahani. Ungesema nini? Ulikuwa umeapa kutotoa nje lolote mpaka jaribio liishe. Na ukisema halafu ukawa umekosea, utakuwa umeharibu kazi yote, na wanyama wale wote watakuwa wamekufa bure. Ukinyamaza, kaka yako yuko mezani kwako, anameza.

Yule mzee wa chakula alikuwa anakukwepa kwenye korido. Siku moja mlibanwa pamoja kwenye lifti. Neno moja tu kutoka kwake lingekutoa kifungoni.

"Dokta," alisema, "usinitazame hivyo."

"Sijakuuliza kitu."

"Najua. Ndiyo maana nakuomba usinitazame."

Hukumuuliza. Ulishuka ghorofa isiyo yako, ukapanda ngazi.

Ulikwenda kwa mkuu wa taasisi. Hakuwa mtu mbaya, Mama, na hukutaka tumseme vibaya. Alikuwa naye amebanwa: hospitali ilikuwa tayari kuanza kuwapa wavutaji sigara vitamini ileile, na watu walishajiandikisha kwa kujitolea. Alikwambia mkifungua siri ya rangi katikati, hakuna atakayeamini matokeo yenu, yawe mazuri au mabaya.

"Na ukiwa umekosea?" akakuuliza.

"Nikikosea, nitakuwa nimechelewesha kitu kizuri. Nikiwa sawa na tukakaa kimya, je?"

Akasema atafikiria. Kufikiria kwake kukachukua wiki, na wiki zile ndizo tulizokusikia ukitembea ndani ya nyumba, jikoni, sebuleni, jikoni tena, kama mtu aliyepoteza funguo.

Ndipo ikaja ile Jumapili. Mjomba aliinua kidonge, nawe ukanyoosha mkono ukamshika kifundo cha mkono.

"Kaka, usimeze."

"Mbona?"

"Siwezi kukuambia."

"Huwezi kuniambia mimi? Basi utamwambia nani, panya?"

"Nakuomba. Acha tu. Acha bila sababu, kwa ajili yangu."

Alituangalia sote, mmoja mmoja, akidhani tunajua. Tulikuwa hatujui. Akauchomoa mkono wake, akameza mbele yako makusudi, akachukua kofia. Mlangoni akasema alikubeba mgongoni kwenda shule mvua inanyesha, na leo amekuwa mtu wa kufichwa mambo. Jumapili iliyofuata kiti chake kilikuwa kitupu. Wifi yako, mkewe, alipiga simu kuuliza mmekosana nini. Ulimjibu hakuna kitu, ukakata, ukafunga mlango wa bafu na kufungua bomba ili tusisikie. Tulisikia.

Kesho yake hukurudi kwa mkuu. Ulimruka, ukaenda kwa kamati ya watu wa nje iliyowekwa kuangalia usalama wa majaribio yote. Hukuomba wakuambie rangi. Uliomba wao wenyewe wafungue, waangalie, kisha waamue kama hospitali ianze au isubiri. Baba alikuonya unaweza kupoteza kazi. Ulimjibu kwamba kukosa kazi hakutakubana kama ukimya ule.

Walikuweka nje ya chumba. Ulikaa kwenye benchi la korido umeshika mkoba mapajani kama mgonjwa anayesubiri kuitwa. Walipotoka, mwenyekiti wao, mama wa makamo, hakusema chochote kuhusu vitamini. Alisema tu, "Jaribio linasimama leo. Na la hospitali halitaanza." Ukaelewa. Ulituambia hukufurahi hata kidogo kwamba ulikuwa sahihi. Uliomba, mpaka dakika ile, uwe umekosea.

Wa kijani ndio waliokula vitamini. Uvimbe ulioanza kimyakimya ndani ya mapafu yao haukuzuiwa, ulisukumwa. Kwa nini panya wa kwanza walinufaika na hawa wakaangamia, ulikuwa bado unatafuta jibu ulipotutoka. Wengine wanaendelea na swali hilo.

Ruhusa ya kusema ilipotoka, ulikwenda moja kwa moja gereji, bado umevaa viatu vya kazini. Mjomba alikuwa anapiga rangi mlango wa gari. Alikuona, akaendelea kupiga rangi. Ukamweleza yote ukiwa umesimama. Akazima mashine, akavua barakoa.

"Kwa hiyo siku ile ulijua?"

"Nilihisi. Nilikuwa sina ruhusa ya kuhisi kwa sauti."

Akacheka, kicheko kibaya. "Mimi tangu siku ile nameza viwili viwili. Kukukomoa."

Ulikaa naye juu ya matairi, makoti yenu yakagusana, na mafundi wengine wakajifanya wana kazi upande wa pili. Ulimpeleka mwenyewe kupigwa picha ya mapafu. Yalikuwa yamechakaa, lakini uvimbe haukuonekana. Vidonge aliacha siku hiyohiyo. Sigara anapambana nazo, Mama. Kuna wiki anashinda na kuna wiki anashindwa, na akishindwa anakuja kutuambia kabla hatujamnusa.

Wewe uliyeamka kila siku ukiogopa atatangulia yeye, ukatangulia wewe, bila kuugua, bila kutuachia hata nafasi ya kukuuguza. Siku ya mazishi alisimama kando ya kaburi akarudia neno moja, "Zamu yangu. Ilikuwa zamu yangu," mpaka Baba akamshika bega.

Watu waliokuwa wamejiandikisha hospitalini walipigiwa simu wasije. Wengi walikasirika. Mwezi uliopita mmoja wao alileta gari kwa Mjomba, na katika maongezi akalalamika kwamba aliwahi kunyimwa dawa ya kukinga saratani, eti kuna mama fulani aliifungia njia. Mjomba akaweka chini kopo la rangi. Akamweleza yule mama aliona nini, na alibeba nini nyumbani kila Jumapili bila kusema. Yule bwana alishika kifua chake kwa mkono wazi, akavuta pumzi ndefu. Kisha akauliza wewe uliitwa nani. Mjomba akalitaja jina lako lote, lako na la baba yenu, taratibu, na bwana yule akalirudia nyuma yake mpaka akalipatia.

Unakumbukwa na mumeo, wanao watatu, kaka yako na wifi yako, wajukuu wako ambao mdogo wao hukumuona, na wenzako wa kazi, akiwemo mzee wa chakula, ambaye sasa tunatazamana naye vizuri.

Hatutaacha kukukumbuka, Mama.