Wa Kukusemea Huko Chuoni

Bula Mzuri,
Garissa.
Alhamisi, 6 Februari 2025.

Mpendwa ndugu yangu Vincent,

Pokea salamu za nyumba hii, nikitumaini zitakukuta mzima. Mgongo unaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema katoni za ghala zinakumaliza kiuno, na kwamba chumba mnacholala kina baridi ya mashine kutwa kucha. Mimi sasa hivi ningefurahi kulalamikia baridi. Hapa jua ni lile lile na mvua hatujaiona, lakini hatujambo.

Shiko ameanza chekechea na anarudi nyumbani na Kisomali kingi kuliko Kiswahili. Mdogo wake anaota meno, kwa hiyo silali. Ukiona mwandiko umeteremka chini ya mstari, ujue hapo nilisinzia.

Baba yao, Ndirangu, bado anafundisha shule ya kule Diff. Aliomba uhamisho akaambiwa asubiri, naye anasubiri. Hupiga simu mtandao ukikubali.

Nilizungumza na Mama mdogo Jumapili. Goti lake limepungua uvimbe, siku hizi anafika kanisani bila fimbo. Anauliza kama mwanawe anakula. Mjibu wewe, mimi nimechoka kukujibia.

Barua hii anakuletea Ifrah, nesi wa hapa jirani, anayerudi kazini kwake Doha. Ningeweza kukuandikia kwenye simu, lakini ya simu wewe huyasoma ukitembea. Haya nataka uyasome umekaa.

Sasa lile ombi lako. Nimeelewa kwamba chuo cha biashara cha Cape Town kilikukataa mwaka jana na unataka safari hii ombi liwe na nguvu. Nimeelewa pia kwamba mkataba wa ghala unaisha Juni na hutaki kutia sahihi mwingine. Wanataka insha, na watu wawili wa kukusemea, kabla mwezi huu haujaisha. Wa kwanza ni msimamizi wako huko. Wa pili ulitaka awe Madam Kathure, jirani yetu wa zamani ambaye siku hizi ni mkubwa wa ofisi. Ukaniambia nimpelekee barua uliyoitunga mwenyewe, kwamba uliwahi kufanya kazi chini yake, aweke sahihi tu.

Nilienda Jumanne. Nilikaa kwenye benchi na mtoto mgongoni mpaka nikaitwa. Hakunisumbua hata kidogo, na kalamu aliishika kabla hajasoma. Akaniuliza, "Anaitwa nani tena? Victor?" Nikamwambia Vincent. Akasema, "Haya, sawa. Na kwangu alikuwa idara gani?"

Hapo nikaivuta karatasi taratibu, nikamwambia nitarudi. Sijarudi, wala sitarudi. Usimlaumu, alitaka kutusaidia. Lakini hakujui, na hao wa chuo wakimpigia simu watamsikia akimsifu Victor.

Njiani niliisoma hiyo barua, na jioni nikaisoma insha yako. Unasema uliongoza timu ya watu kumi na wawili katika sekta ya mifugo. Vincent, mimi nilikuwa pale sokoni nikiuza chai. Timu ilikuwa wewe, Nunow, na punda wa maji. Punda mwenyewe alikuwa wa kukodi.

Basi jana, siku ya soko, nilimfuata Nunow. Si huyo ndiye dalali uliyefanya naye kazi miaka miwili ulipomaliza digrii, ukimwita abti kama mjomba wako wa damu? Nikamweleza kwamba unatafuta mtu wa kukusemea chuoni.

"Finsent anataka mimi niseme?" akauliza. "Kwa nini yeye hajabiga simu?"

Nikamwambia labda unaona haya.

"Haya ya nini? Mimi si mkwe yake." Akacheka mpaka chai ikamwagika. Kisha akasema, "Nitasema, walaal, dada yangu. Lakini kwa soko mtu anasema ila ya mnyama kwanza. Nitasema ile dume ya Sangailu."

Nikamjibu kwamba hao ni watu wa chuo, si wanunuzi wa ng'ombe.

"Wananunua mtu," akasema. "Wanataka kujua anachechemea mguu gani."

Desturi unaijua kuliko mimi. Mnunuzi hapokei kamba mpaka asimame mtu anayemjua muuzaji, aseme mnyama huyu ni wake kweli, mkinidai nipo. Na kabla hajasema hivyo hutaja ila yake mbele ya watu: jicho lina ukungu, au amewahi kuharibu mimba. Anayesifu tu bila kutaja ila, watu humwitikia kwa heshima na kwenda kununua kwa mwingine.

Na la dume unalijua pia. Ulimdhamini mtu mliyekutana kwenye chai yangu asubuhi ile ile, kwa sababu alizungumza vizuri na alijua jina la chifu wa Sangailu. Mnunuzi akakuamini kwa kuwa ulikuwa mtu wa Nunow. Kumbe dume lilikuwa la Sakariye, mfugaji wa huko Sangailu, na alama yake iko shingoni, kila mtu wa upande ule anaijua isipokuwa wewe. Mwizi akatokomea na pesa.

Nakumbuka watu walikaa kwangu wakibishana kama utapanda basi la Mwingi kutoroka siku hiyo au kesho yake. Hukupanda. Ulienda Sangailu na Nunow, ukaketi chini mbele ya wazee ambao lugha yao ulikuwa huijui, ukasema kosa ni langu. Ulilirudisha dume kwa mwenyewe, na ukamhangaikia yule mnunuzi mpaka akapata jingine. Baadaye ukaanzisha ule utaratibu wako wa kupiga picha alama ya mnyama na kumtumia mtu wa kijiji cha muuzaji kabla ya kushikana mikono. Ulipoondoka nilidhani utaratibu huo utakufa. Haukufa. Jana nimewaona madalali watatu wakiufuata, na mmoja wao ni yule Shuaib aliyekuwa akikucheka kwamba unawapiga ng'ombe picha za pasipoti.

Katika insha nzima hilo halimo, hata mstari mmoja. Umeandika timu.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Nyuma ya ukurasa huu kuna anwani ya barua pepe ya Maka, binti wa Nunow, kwa sababu baba yake hana. Chuo kikituma maswali, Nunow atasema na Maka atachapa kwa Kiingereza. Nimemwomba mbele ya baba yake asipunguze wala asiongeze. Unachotakiwa ni kujaza jina la Nunow kwenye fomu, na kuiandika insha upya uanze na Sangailu. Ukianza na dume, wakilikuta kwa Nunow halitawashtua.

Mimi niliishia kidato cha nne na sijui hao wanapenda kusoma nini. Pengine dume ndilo litakalofanya wakukatae tena. Likitokea hilo nitaumia nawe, na hutasikia kwangu neno la kukulaumu. Lakini ukiingia kwa hii njia, hutakaa darasani ukijiuliza ulisema ulikuwa nani.

Sikulazimishi. Una simu ya Madam Kathure, ukitaka mpigie mwenyewe. Ila mimi usinitume tena kwake, na Nunow akiniuliza uliandika jina la nani, sitamdanganya.

Nusura nisahau hili. Jana hiyo hiyo Sakariye alishuka sokoni na madume yake, akaketi kwenye benchi langu kunywa chai. Hakujua tulikuwa tunazungumza nini. Akatazama huku na huku, halafu akamuuliza Nunow, "Yule kijana ya dume yangu iko wapi? Nataka yeye auze hizi."

Nunow alinitazama. Mimi nikamwongezea Sakariye sukari.

Nisalimie yule mwenzako wa chumbani. Ndirangu anakusalimu, Nunow na Maka pia, na Mama mdogo zaidi ya wote. Shiko anakusalimu kwa mchoro: amekuchorea ngamia, au labda ni mbwa, nyuma ya ile barua ya Madam Kathure. Nimempa Ifrah akuletee. Ni mzuri, ubandike ukutani.

Mungu akulinde ugenini, akunyooshee mgongo, na akupe usingizi huu ninaoukosa mimi. Mtoto ameamka.

Wako akupendaye, dada yako,

Kasyoka, Mama Shiko.