Siku Nilipomtoa Schékinah Majini

Magara, Rumonge
Tarehe 14 mwezi wa saba, 2024

Mpendwa musaza wanje, kaka yangu Yonasi,

Amahoro, amani ya Bwana, iwe nyumbani kwako hapo Kigoma. Hujambo wewe? Mke wako Dusabe hajambo? Kile kifua kilichokuwa kinambana kimepona? Watoto je, wanasoma? Sisi huku tunashukuru Mungu. Mume wangu Venanti hajambo, iko Kizuka anakamua mawese tangu Jumatatu, mugongo unamuuma lakini hataki kusikia habari ya kupumzika. Mama mukwe Evangelina hajambo, masikio tu ndiyo yamekwisha, ukimwamkia anakujibu habari za mihogo. Eliana amejifungua mutoto wa kike kule Kabezi, wote wazima. Seth hajambo, amefanya mtihani wa nevyemu, ule wa darasa la tisa, anangoja matokeo na kula. Na binti yangu Schékinah hajambo, bado anafundisha wale wadogo wa mwaka wa kwanza. Yeye hajui kwamba nakuandikia.

Barua hii nampa Revokatus wa mawese, anakuja huko Alhamisi. Simu ninayo, lakini humu ndani nikiongea na simu nyumba nzima inasikiliza. Iko kitu nimemficha Schékinah, na sijui nimwambie ama ninyamaze. Wewe ndiye ulimfundisha kuogelea tulipokuwa tunaishi huko kwenu, ndiyo maana nakuuliza wewe.

Tangu mwaka jana amependa mchezo mumoja wanauita triatlo. Unaogelea, ukitoka majini hata hujafuta uso unapanda baiskeli, ukishuka kwenye baiskeli unakimbia. Mimi nilimuuliza, sasa ni nani anakufukuza? Akacheka. Kila asubuhi kabla ya shule anakwenda ziwani. Baiskeli alichukua ile ya baba yake ya kubebea madumu ya mawese, akafungua chuma cha nyuma ili iwe nyepesi. Mpaka leo inanuka mawese.

Basi vijana wa klabu moja ya Bujumbura wakaleta shindano hapa kwetu, tarehe 29 ya mwezi uliopita. Lilikuwa fupi, walisema la kuanzia: mita mia nne majini kuzunguka madumu ya njano, kilomita kumi za baiskeli kwenye lami, kisha kukimbia mbili na nusu. Wasichana walikuwa kumi na mmoja. Schékinah hakulala vizuri wiki nzima.

Siku moja kabla, tukichambua maharage, aliniambia, "Maman, kesho ukiniona nimelala kwa mugongo majini nimeweka ngumi juu ya kichwa, usiogope. Maana yake niko sawa, napumzika." Akajilaza kwenye mkeka akanionyesha, ngumi kichwani. Nikamwambia nimeelewa. Na kweli nilielewa, Yonasi. Hilo ulishike.

Asubuhi ile upepo wa kusini ulikuwa unasukuma maji. Nilisimama na akina mama wanaonunua samaki, kila mutu na beseni lake. Wakaingia majini. Nilimjua kwa kofia nyekundu. Alikuwa wa pili. Wa pili kati ya kumi na mmoja, binti yangu wa baiskeli ya mawese. Akazunguka dumu la mwisho, kisha nikaona ameacha kuogelea, amegeuka, amelala kwa mugongo. Baadaye alisema ile miwani ya maji iliingiwa na maji akataka kuyamwaga, basi. Wimbi likamfunika. Likapita, nikamwona tena.

Huku Magara iko desturi, sijui kama Kigoma siku hizi mnayo. Mama akipiga beseni huku anatazama ziwa, muvuvi haulizi. Anaacha nyavu zake anasukuma mutumbwi. Wengi wamepona hivyo. Mimi nikageuza beseni langu nikalipiga.

Amissi na wenzake wawili walikuwa wanatengeneza nyavu pale pale. Wakaingia majini mbio. Vijana wa klabu walikuwa na mutumbwi wao wa kulinda karibu na Schékinah, wao hawakusogea, walikuwa wanatazama tu. Wakaanza kupiga kelele kwa Kifaransa. Amissi hakuwasikiliza, kwa sababu beseni lilikuwa linalia. Wakamfikia, wakamshika mabega, wakamvuta ndani kama samaki sangala. Alipiga mateke. Nilisikia sauti yake, "Niacheni, niko sawa," na nikaendelea kupiga mpaka wakafika mchangani.

Sheria yao ni kwamba ukibebwa na mutumbwi umetoka. Walimwambia kwa upole, yule mkubwa wao akanitazama mimi akatikisa kichwa. Schékinah alisimama kidogo, maji yanatiririka. Kisha akapanda baiskeli. Aliendesha zote kumi, akakimbia zote mbili na nusu, akafika wa nne. Waliposoma majina, lake halikusomwa. Alipigia wengine makofi.

Nyumbani aliniuliza mara moja tu. "Maman, hukuona ngumi?" Nikamwambia machozi yalijaa machoni, sikuona. Akanikumbatia. Akasema, "Basi, ni mimi sikukueleza vizuri."

Musaza wanje, niliiona. Ngumi ilikuwa juu ya kichwa kama alivyonionyesha kwenye mkeka. Niliiona kabla sijageuza beseni. Nikajisemea, atanikasirikia, lakini atakuwa nchi kavu. Wewe ulikuwa kando yangu siku tulipolivuka ziwa hili, unajua mdogo wetu tuliyemwacha humo. Lakini sitaki kujificha nyuma ya marehemu. Siku ile hakuna aliyekuwa anazama.

Watu sasa wananitania. Sokoni wananiambia, "Mama Schékinah, beseni la leo ni la samaki ama la shindano?" Amissi naye anasema hajawahi kuvua samaki mwenye matusi kama yule. Hayo nacheka nayo. Yanayoniumiza ni ya Schékinah mwenyewe. Akisikia wananicheka anawajibu, "Mwacheni maman, hakupata kusoma, hakujua alama." Nimesoma miaka mitatu tu, ni kweli, lakini ngumi haihitaji shule.

Sasa iko shindano lingine Bujumbura, tarehe 10 mwezi wa nane. Anataka niende. Jumapili iliyopita alichukua daftari, akanichorea kichwa, na ngumi juu yake, na mawimbi. Akanionyesha kwa kalamu polepole, kama anavyofanya na wale watoto wake. "Maman, hii ni nini?" Nikamwambia, ni kusema uko sawa. Akafurahi mpaka akanipiga kofi begani, akasema, "Umeona? Umeweza." Nilitoka nje nikajifanya naita kuku.

Nikimwambia, atajua kwamba mama yake alimwondoa kwa makusudi akiwa wa pili. Nikinyamaza, nitakwenda kusimama ukingoni kule yeye akiamini amenifundisha, na mimi sijui mikono yangu itafanya nini. Venanti sijamwambia. Mchungaji sijamwambia. Wewe ndiye wa kwanza.

Nisalimie Dusabe sana, na watoto kila mmoja kwa jina lake, na mama Tahira jirani yenu kama bado yupo. Mungu awafunike, awape mvua kwa wakati na afya isiyoyumba. Murakoze, asante kwa kunivumilia.

Revokatus anarudi Jumanne ile nyingine. Mpe jibu lako mkononi, hata kama ni mistari miwili, kwa sababu Schékinah ameshaanza kuniuliza nitavaa kitenge gani.

Ni mimi dada yako anayekupenda siku zote,
Yudita