Wimbo wa Kisimani Katika Katuni ya Korongo

Aabo, baba yangu,

Nimewadanganya ngamia wako. Naanza na hilo kwa sababu ungekuwa hai ungelisikia kwanza kwa kaka Abdi, naye hajui kusimulia bila kuongeza chumvi.

Ile katuni yangu imekwisha. Unamkumbuka yule korongo wa karatasi, mwenye soksi moja na begi la safari? Uliuliza amebeba nini, nikasema sijui, ukaniambia basi awekewe majani ya chai, mtu hasafiri mbali bila chai. Nimemwekea. Anatoka Ulaya, dhoruba ya vumbi inampotezea njia, anatua soko la mifugo la Garissa na nusura auzwe pamoja na mbuzi. Mwishowe yuko nyikani, kiu inataka kumuua, ndipo anasikia wimbo wako wa kunyweshea ngamia. Anaufuata mpaka kisimani.

Siku tuliyourekodi ulikuwa umekuja Garissa kutibiwa. Tulijifunika blanketi chumbani kwangu ili kelele za barabarani zisiingie, jasho likitutoka, nawe ukaimba kana kwamba kamba ya ndoo imo mkononi. Ulipomaliza ulisema, "Hii wimbo usipeleke kwa ngamia yangu. Ikisikia, inajua maji iko." Nikaitikia ndiyo, Aabo, macho yangu yakiwa kwenye mashine.

Katuni yenyewe hukuiona. Tulikuzika kijijini kwetu Hadado, na baadaye nikaipeleka huko watu wako waione. Tulifunika madirisha ya darasa kwa mashuka, spika tukaiweka mlangoni kwa ajili ya waliokosa nafasi. Watoto walicheka soksi, wazee wakacheka mbuzi. Kisha ukaanza kuimba, na Mama akajifunika uso kwa mtandio.

Nje, Abdi alikuwa akiwapitisha ngamia kwenda malishoni. Haikuwa zamu yao ya maji. Walimwacha hapo hapo wakaja mbio, yule jike mzee wa sikio lililokatika akiwa mbele, wakaizunguka spika. Wimbo ukaisha, nao wamesimama tu, shingo chini, wakitafuta hori. Jike yule aliinusa spika, halafu akanitazama. Watu walipiga picha. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Maisha yako yote hukuwahi kuwaita bure, nami nimewaita bure kwa sauti yako, ukiwa kaburini.

Naona haya, Aabo. Wala si kwamba nilisahau agizo lako. Siku ile sikukusikiliza.

Abdi alitaka tuwafukuze. Nilikataa. Niliwaomba wenye zamu watupishe kisimani, wakatupisha kwa heshima yako. Tuliteka maji mpaka viganja vyangu vikachubuka. Spika nilikuwa nimeizima, lakini hawanywi vizuri bila kuimbiwa, na Abdi akanisukumia mimi kazi hiyo. Sauti yangu unaijua. Waliinua vichwa wakanisikiliza, nadhani kwa huruma, kisha wakanywa.

Korongo ataendelea kuonyeshwa Garissa na kwingineko, inshallah. Watu wanampenda, na wengi huuliza ni nani anayeimba. Nawaambia ni baba yangu.

Pumzika, Aabo, Mungu akurehemu. Nikimrudisha korongo Hadado, nitalijaza hori kwanza, ndipo nitakuacha uimbe.

Binti yako,
Halima