Gitaa la Kaka Donati na Langu

Kasongo, Jumatatu, mwezi wa saba

Leo jua halikuonekana hadi saa nne. Watu wanachoma mashamba na moshi umeingia mpaka darasani. Watoto walikohoa asubuhi nzima, na mimi niliandika ubaoni hesabu ileile mara mbili bila kujua. Mmoja ndiye aliyeniambia, kwa adabu.

Akili yangu haijatulia tangu jana. Ngoja niandike mambo kama yalivyotokea, labda nitajielewa.

Kaka yangu Donati alifika Jumamosi kutoka Lusangi, pamoja na mkewe Tabu. Ofisi ya teritwari, yaani ya wilaya yao, ilimpa kibali cha kusafiri cha siku tatu tu. Hatukuwa tumeonana tangu mwaka juzi, wakati alipokuwa akifanya kazi hapa kwenye kiwanda cha pamba na mashine ikamkata vidole viwili vya mkono wa kushoto. Kabla ya hapo, hakuna harusi iliyoanza kabla hajafika na gitaa lake. Alilipiga kila siku kwa miaka tisa, mpaka kucha zake zikachimba ubao chini ya tundu la sauti.

Alipoamua kurudi kulima, aliniachia gitaa hilo.

"Mudogo wangu, usiiache hata siku moja," aliniambia. "Mbao inasikia. Ikinyamaza, inasahau."

Nilimwahidi.

Sikulipiga.

Nilijaribu, kweli. Lakini kila nilipolishika, vidole vyangu viliangukia palepale alipopachimba yeye, na nikajiona kama mtu aliyevaa nguo za ndugu yake wakati mwenyewe yuko uchi. Nikalitundika nyuma ya mlango na kulifunika kwa kitambaa. Halafu nikanunua jingine kwenye duka la Mgiriki, la ukubwa uleule na alama ileile, likinuka rangi. Hilo ndilo nililopiga kila jioni kwa zaidi ya mwaka. Na nyimbo zote zilikuwa za Kaka, maana sijui zingine.

Ijumaa, nilipopata habari kwamba anakuja, nililishusha lake, nikafuta utando wa buibui na kuweka nyuzi mpya. Niligusa uzi mmoja. Lililia vizuri, nadhani. Sikuwa na hakika, basi nikampelekea jirani yangu Asumani, ambaye ni seremala.

"Mbao ikizeeka maji yanatoka, sauti inafunguka," alisema. "Uipige, usiipige, ni mamoja. Hata mulango ya zamani inalia kuliko mupya."

Akacheka sana. Mimi sikucheka. Kama Asumani anasema kweli, basi miaka tisa ya vidole vya Kaka haikufanya kitu.

Jana, baada ya misa, Kaka aliyaona magitaa mawili yamesimama ukutani. Hakuniuliza la pili limetoka wapi. Alivuta kiti, akakaa akinipa mgongo.

"Piga moja, halafu nyingine. Mimi nitakuambia yangu iko gani."

Nilipiga la kwake kwanza. Halafu la kwangu, wimbo uleule, ule wa harusi aliokuwa akiupenda. Nilikuwa sijamaliza alipoinua mkono.

"Hiyo! Hiyo ya pili iko yangu. Hata nikifa nitaisikia."

Lilikuwa langu.

Nilibaki nimelikumbatia. Kaka alianza kugeuka. Tabu, aliyekuwa amekaa karibu nami, alinyoosha mikono, akaniondolea gitaa langu mapajani na kuniwekea la Kaka. Alifanya haraka, kama anayeondoa chungu motoni. Kaka alipomaliza kugeuka, aliona alichotaka kuona.

"Si nilisema?" akauliza, na uso wake ukawa ule wa zamani.

"Ndiyo, Kaka," nikasema.

Baadaye nilimfuata Tabu jikoni alikokuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo. Nikamwambia kwamba tumemdanganya mtu mzima.

"Shemeji, acha hivyo," alijibu bila kuacha kutwanga. "Tangu mwaka juzi sijamuona akicheka namna hii. Kule Lusangi mutu akipiga gitaa, yeye anaondoka."

Niliacha. Lakini kadiri Kaka alivyozidi kulisifu gitaa lile, ndivyo nilivyozidi kuangalia chini.

Leo asubuhi niliomba ruhusa ya saa moja kwa mkuu wa shule, nikawasindikiza mpaka kwenye lori la kwenda Kabambare, linalopita Lusangi. Gitaa lake nililibeba mimi, maana alikuwa ameamua kulirudisha nyumbani. Tabu alipanda kupanga mizigo. Nikaona kama nisiposema sasa, sitasema kamwe.

"Kaka, ile ya jana, ya pili, ilikuwa yangu."

Alilitazama gitaa nililobeba.

"Na yangu uliipiga?"

"Hapana. Ijumaa tu, nilipoweka nyuzi. Siku zote ilikuwa nyuma ya mlango."

Vijana walikuwa wakipakia magunia, nikatamani mmoja aniangushie lake kichwani.

"Na hiyo mupya, uliipiga kila siku?"

"Kila siku."

"Nyimbo gani?"

"Zako. Zingine nitazitoa wapi?"

Basi akaanza kucheka. Alicheka mpaka dereva akatoa kichwa dirishani, mpaka Tabu akasimama juu ya magunia kuuliza kuna nini.

"Si nilikuambia mbao inasikia?" alisema Kaka. "Hiyo yako imesikia mpaka imekuwa yangu! Kimbia, niletee. Hii utabaki nayo wewe, uiamshe."

Nilikimbia. Mwalimu mzima, na viatu vyangu vya kazi, katikati ya soko. Niliporudi injini ilikuwa inanguruma na Kaka ameshapanda. Kaka alilipokea gitaa langu, akaliweka magotini, na Tabu akajisogeza karibu naye.

"Tabu, kamata hapa. Na hapa. Kaza."

Tabu alibana nyuzi kwa vidole vyake vya mkono wa kushoto, na Kaka akapiga kwa mkono wake mzima wa kulia. Mara ya kwanza ilikwaruza vibaya, abiria wakacheka. Mara ya pili ikatoka sauti safi, na hakuna aliyecheka. Lori likaondoka wakiwa bado wanatafuta sauti nyingine.

Sasa ni alasiri na sielewi chochote.

Kama kupigwa ndiko kunakofungua sauti, langu limewezaje kufikia miaka tisa kwa mwaka mmoja? Kama ni uzee, kwa nini la Kaka halikushinda? Au nyuzi mpya zilimchanganya? Au nimeiga mkono wake kiasi kwamba alijisikia mwenyewe? Labda alikuwa na hamu tu, na mtu mwenye hamu husikia anachokikosa. Nimeyageuza yote haya na kila moja linaonekana kweli mpaka nifike kwenye linalofuata.

Nimelichukua gitaa lake na kukaa nalo nje. Vidole viliangukia mahali pake palepale. Nimevumilia. Mwanzoni lilikuwa zito, sauti inabaki ndani. Baada ya nusu saa lilikuwa limelegea kidogo, au masikio yangu yalikuwa yamezoea, siwezi kuapa.

Mama Vero wa nyumba ya pili alipita na kuni zake, akasimama.

"Mwalimu, umenunua ingine?"

"Hapana, mama. Hii iko ya kaka yangu."

"Ah," akasema, na hakuondoka upesi.

Sikumuuliza kama ni nzuri au mbaya. Niliogopa atanijibu. Nilipiga tu mpaka alipojitwika kuni zake tena, na kesho nikitoka darasani nitapiga tena.