Papa Donat, kasha lilirudi tupu

Mwaka mmoja sasa umepita, Papa Donat Mbarushimana, tangu tulipokulaza katika udongo huu mweusi wa Goma, na bado watu wanapiga hodi hapa kwetu Mapendo wakikuulizia kwa ajili ya kazi ya watoto wao.

Ulituacha vakansi, ile likizo kubwa ya shule, ikikaribia kwisha, wakati watoto uliowapeleka kujifunza kazi walikuwa bado kwa mapatroni, wenye kazi waliowapokea. Kila mwaka, mbele ya shule kufungua, ulikuwa unapita kuwarudisha wewe mwenyewe. Mwaka jana walijirudisha. Walikuja kukuzika na nguo zao za kazi, wengine wakiwa na oli ya magari mpaka kwenye viwiko, na Mama akakataza mutu yeyote kuwatuma kazi pale kilioni, akisema nao ni wanawe.

Mbao uliuza miaka mingi, lakini watu wanakukumbuka kwa kasha la sukre, zile soda za chupa. Ulianza na kaka yangu Nsengimana. Alikuwa amezunguka mji muzima na barua za kuomba staji, nafasi ya kujifunza kazi, hakuna aliyemujibu, akabaki kulala muchana. Siku moja ukamuuliza Mama, sisi wote tukisikia: «Muke wa mutu tunaenda kumuomba na kasha, tumevaa vizuri. Sasa kazi ya mutoto tunaituma ndani ya bahasha?» Ukavaa koti, ukamuita rafiki yako Papa Kakule abebe kasha, mukaenda kumuposea Nsengimana nafasi kwa Achille, mwenye ateliye ya kuunga vyuma.

Achille alipowaona mumeketi namna ile, mikono kwenye magoti, alisema: «Muzee, dada yangu ameisha kuolewa.»

Wewe hukucheka hata kidogo. «Dada yako abaki na heri kwake. Sisi tumependa mashine yako.»

Papa Kakule anahadithia hiyo kila tunapokutana, na kila mara koti lako linazidi kuwa zuri.

Nsengimana alipokewa. Tangu hapo uliposea watoto kwa mafundi wa magari, kwa washonaji, mu famasi, hata kwa deklara mmoja wa Bunagana anayepitisha mizigo ya watu forodhani. Masharti ulikuwa unayataja kama mutu anayejadili mahari. Mutoto asifagie tu vakansi nzima, ashike chombo. Akikosea aonyeshwe, asitukaniwe mama yake. Shule ikifungua, arudi darasani. Patroni naye alikuwa anataja yake, na mutoto ameketi pale pale, anasikia yote.

Na mimi hukuniacha. Nilipomuzaa Josias nilifikiri masomo yameishia hapo. Uliniandikisha masomo ya mangaribi, ukawa unanipokonya mutoto mikononi: «Nenda, sisi wawili tuna mazungumuzo ya wanaume.» Nikirudi ninawakuta mumelala wote, mdomo wazi. Diplome ninayo, Papa. Mama ameitundika pembeni ya picha yako.

Mwaka huu jirani yetu, yule mama aliyetoka kambi ya Kanyaruchinya na watoto wake, alikuja na binti yake Umugwaneza. Musichana alitaka kuunga vyuma, si kitu kingine. Asipopata nafasi, angetumwa mbali kulea watoto wa shangazi yake, na tunajua shule ingekwisha namna gani. Mama yake aliuliza tu: «Muzee hayuko. Sasa mutoto wangu atapitia kwa nani?»

Nikamutazama Papa Kakule. Akasema kazi yake tangu zamani ni kubeba kasha, maneno yalikuwa ya Donat. Basi nikasema nitaenda mimi.

Nilimufunga Josias mugongoni, tukaenda kwa Achille, mimi na Umugwaneza, na Papa Kakule na kasha. Niliketi kama ulivyokuwa unaketi. Nilisema yote, hata lile la kufagia. Achille alisikiliza, akaeleza kwamba siku hizi watu wanatengenezesha milango ya zamani kuliko kuagiza mipya, kazi si nyingi. Kisha akamuuliza Umugwaneza kama haogopi moto.

«Ninaogopa,» akasema. «Ila kukaa bure ninaogopa zaidi.»

Achille alisukuma kasha pembeni bila kufungua hata chupa moja, akatuambia ametusikia, turudi nyumbani. Nilimuambia Mama kwamba amekataa, na Mama akaniuliza tu kama kasha limebaki kule. Nikasema limebaki, akasema basi tungoje. Nikaona hata yeye huzuni imemuchanganya. Umugwaneza alianza kufua nguo za safari.

Jumapili nilikuwa ninakaanga sambaza, visamaki vya ziwani, nikasikia pikipiki. Ni Achille, amepakiwa nyuma, na kasha ameliweka kwenye magoti. Akaingia, akalitua mbele ya Mama. Chupa zote tupu. Mama akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka, na mimi nimesimama na kijiko, sielewi.

Ndipo Mama akanieleza, Papa, kitu ulichokuwa unafanya miaka yote machoni petu. Patroni hukumuacha ajibu kwake. Ulimutaka alete jibu nyumbani, ili aone mutoto anatoka wapi na asalimie mama yake. Kasha likirudi limejaa, amekataa. Likirudi tupu, ateliye nzima imekunywa, mutoto amekuwa wao. Na mimi Jumapili zile zote niliwakaangia watu sambaza nikifikiri ni wateja wa mbao!

Nikamuuliza Papa Kakule kwa nini alinyamaza. «Nilifikiri unajua,» akasema. «Si ni wewe ulikuwa unawapikia?»

Tukamuita mama yake Umugwaneza. Achille alisimama kumusalimia, akamuambia: «Mama, binti yako ni wetu mpaka shule ifungue. Na vakansi ijayo, musipomuleta, nitakuja na kasha langu.»

Leo kuna mulango wa chuma karibu na soko, mwekundu, Umugwaneza ameuunga upande wa chini. Anapita pale kila siku, hata kama si njia yake.

Jumamosi hii, baada ya misa yako, tunaenda kwa Achille kumurudisha Umugwaneza, shule inafungua. Papa Kakule atabeba kasha la shukrani. Mimi nitasema. Kuna mama mwingine ameisha kuuliza habari ya kijana wake anayependa kushona, na mushonaji ninamujua: alikula sambaza zangu.

Wanakukumbuka kwa upendo: muke wako Nyiramahirwe, watoto wako Nsengimana na Dative, mujukuu wako Josias, anayekuita bado, akiona unachelewa kutoka kwenye picha, rafiki yako Papa Kakule, na watoto wote uliowaposea.

Kila kasha litakalotoka katika nyumba hii, Papa, litatoka kwa jina lako. Hatutakusahau kamwe.