Karatasi za mazoezi nilizopeleka gare

Likasi, Ijumaa, mwezi wa tatu 1993

Mvua tangu asubuhi, ile ya rasharasha isiyokatika wala kuzidi. Mikono yangu bado ina wino. Nimeisugua kwa sabuni na mchanga na wino umekataa kutoka. Nina huzuni, tena nina hasira, na hiyo hasira sina wa kumpelekea ila mimi mwenyewe.

Niandike kwa utaratibu, maana kichwa kimevurugika.

Mimi ni mwalimu wa darasa la sita, mwaka wa mwisho wa shule ya msingi. Kila mwaka, mtihani wa serikali ukikaribia, nawatungia wanafunzi maswali ya mazoezi: hesabu, Kifaransa, jiografia ya Zaire. Kazi hii naipenda kuliko hata kufundisha. Napiga maswali kwa taipureta juu ya stensili, ile karatasi laini ya nta ambayo herufi zinaitoboa, halafu naifunga kwenye roneo, mashine ya kurudufu iliyo ofisini kwa directeur, mkuu wetu wa shule. Unazungusha mkono wa mashine, wino unapita kwenye matundu, na karatasi zinatoka moja moja, zote na maswali yaleyale. Watoto huzinusa kwanza kabla ya kuzisoma. Nawagombeza, lakini hata mimi huzinusa.

Wakati shaba bado inalipa, shule ilipata stensili mpya kwa paketi. Siku hizi hakuna. Za miaka iliyopita nazitunza katikati ya magazeti zisishikane, na nikitaka kuondoa swali nalipaka verni ya makucha, nyekundu, ya wifi yangu. Verni inaziba matundu, swali linapotea. Walimu wote wa hapa tunafanya hivyo. Wifi analalamika kwamba darasa langu lina makucha mazuri kuliko yake.

Leo asubuhi nilichukua stensili ya hesabu ya mwaka jana. Ilikuwa na swali moja nililotaka lisionekane kabisa. Linasema treni imetoka Likasi kwenda Mwene-Ditu, mwendo wake ni huu, umbali ni huu, itafika saa ngapi? Swali la kawaida, nimelitoa miaka mingi. Lakini mwaka huu siwezi kumuuliza mtoto jambo hilo.

Tangu mwaka jana vijana wa siasa wanapita nyumba kwa nyumba wakiwaambia watu wenye asili ya Kasai warudi kwao. Kwao wapi? Babu zao ndio walioletwa kuchimba shaba hii. Wengi wamezaliwa hapa, wamebatizwa hapa, wamezika wazazi wao hapa. Wamefukuzwa kazi usine, kule kiwandani, wametolewa katika nyumba za kambi, na sasa wamejaa gare, stesheni ya treni, na vitanda vyao na masufuria yao, wakingoja treni ya kwenda kaskazini, Mwene-Ditu, huko Kasai. Treni inakuja siku inayotaka yenyewe. Watoto wanaugua surua palepale chini ya maturubai, na wengine wamezikwa kabla ya kusafiri.

Darasa langu limebaki nusu. Sikuwaambia waliobaki wahame viti. Siku moja niliingia nikakuta wamesogea mbele wenyewe, wamekaa karibukaribu, na madawati ya nyuma yako wazi. 

Ngalula alikuwa anakaa dawati la kwanza upande wa dirisha. Ana miaka kumi na miwili na anabisha sana. Nikikosea hesabu ubaoni, haniachi nimalize mstari. Anataka kusoma sekondari Mulungwishi, kwa misheni, na angepita mtihani huku amefumba macho. Baba yake, Papa Mutombo, alikuwa fundi umeme usine. Wako gare sasa, na huyo mtoto hajawahi kufika Kasai hata siku moja. Kiluba cha kwao anakisikia tu wazazi wakigombana.

Basi nilipaka verni swali la treni, nikaingoja ikauke, nikazungusha. Umeme haukuwepo, ofisi ilikuwa na giza la mvua, na directeur alikuwa ananiharakisha kwa kuogopa nitammalizia wino. Sikuangalia karatasi zinazotoka. Nilizifunga kwenye nailoni nikaziweka chini ya kitenge, na saa ya mapumziko nikaenda gare.

Nilijiona mtu mwema sana njiani. Lazima niliandike hilo.

Nilimkuta Ngalula amekaa juu ya godoro lililokunjwa, anamchana mdogo wake nywele. Aliponiona alisimama wima kama tuko darasani. Nikampa karatasi zake, nikawapa na wengine wa shule yetu. Wazazi wakaanza kunizunguka: Madame, na huyu wangu yuko la tano lakini ana akili, hata huyu mpe. Nilifurahi. Kwa muda mfupi pale palikuwa na darasa: watoto wamelalia masanduku, kalamu mdomoni, wanahesabu kwa vidole.

Halafu nikasikia wanabishana kuhusu treni.

Verni ilikuwa imepasuka. Inapasuka ukizungusha haraka, najua hilo, na sikuangalia. Swali lilikuwa pale katikati ya karatasi, herufi nyingine hafifu, nyingine nyeusi kabisa, na watoto wa gare walikuwa wanatafuta treni ya Likasi itafika Mwene-Ditu saa ngapi.

Nilitaka ardhi inimeze. Papa Mutombo aliichukua karatasi ya binti yake, akaisogeza mbali na macho, akaisoma polepole.

"Eh, Madame," akasema, "hii treni yako iko mbio kabisa! Yetu ya hapa inakuyaka na miguu."

Watu wakacheka. Walicheka kweli, kwa sauti, mwanamke mmoja mpaka akashika mbavu. Nami nikacheka nao, huku machozi yananitoka, na hakuna aliyejua ni ya nini.

Mama Ngalula peke yake hakucheka. Alinishika mkono akanivuta pembeni, nyuma ya rundo la viti vya watu.

"Madame Odette, aksanti kwa karatasi. Lakini miye naomba kintu ingine. Ubakie na Ngalula kwako mupaka examen ipite. Ni mutoto moya tu. Anakulaka kidogo. Kiisha atatufwata na basista ba misheni."

Yaani alikuwa tayari kumwacha binti yake katika mji unaowafukuza, kwa sababu ya mtihani. Kwa sababu mimi, mwaka mzima, nilimwambia kwamba mtoto huyu asikose mtihani hata mvua inyeshe mawe.



Nilifikiria mtaa wetu. Wale vijana wanakaa pembeni ya bomba letu la maji kila jioni, wanajua nani ameingia kwa nani. Nilifikiria wanangu watatu. Nilifikiria mlango wetu, ambao teke moja linatosha. Nikasema, "Acha nimuulize kwanza baba ya batoto." Mama Ngalula alisema, "Sawa, Madame, muulize," na akanishukuru tena kwa karatasi. Alinishukuru!

Nilijua pale pale kwa nini nilikuwa nimeleta karatasi. Karatasi ndicho kitu nilichoweza kutoa bila kuogopa.

Nyumbani, saa ya chakula cha mchana, nilimweleza mume wangu. Anselme bado ana kazi usine, ingawa mshahara unakuja kama treni ile ile. Alisikiliza huku anakarabati pasi ya mkaa. Hakupandisha sauti.

"Odette, unajua vile iko mu avenue yetu. Bakimukuta hapa, banatuvunjia mulango. Na batoto betu, utabaweka wapi?"

  Alisema yaleyale niliyokuwa nimeshajiambia, na niliona haya kuyasikia katika mdomo wa mtu mwingine. Nilisonga bukari, ugali wetu, nikapakua, nikakaa mbele ya sahani. Mkono haukwenda. Watoto walikula, wakanawa, wakatoka barazani. Anselme naye alikula kidogo akaacha. Tulikaa hivyo, sahani mbili zinapoa.

Nilimwambia kwamba anabisha hesabu zangu, huyo mtoto. Kwamba mwezi uliopita alinisahihisha desimali mbele ya inspekta, na inspekta akacheka, nami nilitaka kumfinya. Sijui kwa nini nilisema hilo. Nilikuwa nalia.

Anselme akasimama, akachukua koti lake la kazi kwenye msumari.

"Vala viatu. Twende tumulete."

"Na mulango?"

"Nitaweka kabati nyuma yake. Vala viatu, mvua haitakatika."

Nimeishi na mtu huyu miaka yote hii na sikumjua vizuri hadi leo. Tulitembea haraka, bila mwavuli, tukipanga njiani: atalala na binti yetu mkubwa, tutasema ni mtoto wa dada yangu wa Kambove, hatatoka nje bila kitambaa kichwani, na shuleni ataingia nami kupitia mlango wa nyuma. Nilikuwa nimeshaanza kupanga hata saa za kumfundisha. Nilijisikia mwepesi. Nadhani nilitabasamu.

Tulipofika kona ya gare tukasikia kelele.

Treni ilikuwa imekuja. Siku zote hizo haikuja, ikaja mchana huu, wakati mimi nimekaa mbele ya sahani. Mabehewa ya mizigo, marefu, bila viti, na watu wanapandishana, wanarushiana magodoro, wanaita majina ya watoto. Anselme akaniambia nishike koti lake nisipotee. Tukapita behewa baada ya behewa nikiita "Ngalula! Ngalula!" na kila behewa lilikuwa na Ngalula wake aliyeitika. Jina hilo ni la wengi kwao.

Tuliwakuta karibu na mwisho. Walikuwa wameshapanda. Papa Mutombo alikuwa anafunga kamba mlangoni ili watoto wasianguke, na mkewe amekaa juu ya mizigo, Ngalula katikati ya magoti yake.

"Mama Ngalula!" nikapiga kelele. "Mumushushe! Tumekuya kumuchukua! Baba amekubali!"

Anselme alikuwa ameshanyosha mikono kumpokea. Wale vijana walikuwa palepale kwenye jukwaa, wanaangalia, na yeye kanyosha mikono mbele yao.

 Mama Ngalula akatikisa kichwa.

"Hapana, Madame. Saa ile nilikuwa na nguvu ya kumuachilia. Sasa haiko tena."

Alisema bila lawama yoyote, na akamkumbatia mtoto kwa mikono miwili. Ningefanya vilevile. Mama yeyote akishapanda na watoto wake wote ndani ya behewa, nani atamwambia amrushe mmoja nje? Aliniomba wakati ule, na mimi nikamwambia nitamuuliza mume wangu.

Laiti ningesema ndiyo.

Treni ilianza kusogea polepole, kama kwamba na yenyewe ina mashaka. Tulitembea kando yake. Ngalula akatoa kichwa juu ya ile kamba. Alikuwa ameshika karatasi zangu, amezikunja vizuri, na akazipunga ili nione kwamba zimejaa.

"Madame! Nimemaliza yote! Correction ni siku gani?"

Kila karatasi ninayotoa Ijumaa tunaisahihisha Jumatatu, lundi kama wanavyoiita, darasa zima kwa pamoja, wanabadilishana karatasi na mmoja anakwenda ubaoni. Watoto hawaendi mapumziko ya wiki bila kuniuliza, ingawa wanajua. Wananiuliza mlangoni na mimi najibu bila hata kuinua macho.

Nikamjibu, "Lundi!"

Lilitoka lenyewe. Lilitoka kwa sauti ya darasani, kama kawaida, na yeye akaitikia kwa kichwa kama kawaida. Akarudi kukaa na mama yake. Sikupata nafasi ya kusema neno lingine lolote, la kwaheri wala la msamaha, maana treni ilikuwa imeshatuacha.

 Anselme ameliweka kabati nyuma ya mlango vilevile. Nilimuuliza kwa nini, ilhali sasa hakuna mtu wa kumficha. Akasema vijana wamemwona akinyosha mikono. Halafu akaenda kukaa na watoto, na nawasikia kule chumbani anawasimulia kitu cha kuwachekesha.

Najaribu kufikiria wako wapi sasa. Labda wamesimamishwa mahali, wanangoja injini, inavyotokea siku zote. Labda Ngalula anapitia majibu yake tena, maana hana tabia ya kuridhika. Huko wanakokwenda hakuna shule inayomjua, hakuna mwalimu mwenye jina lake katika orodha ya darasa, na mtihani uko karibu. Nani atamtungia maswali? Atambishia nani?

Kesho Jumamosi, nitafua nguo za watoto. Keshokutwa tutakwenda misa, na padri atawaombea wasafiri, na sote tutajibu amina, hata wale vijana. Halafu Jumatatu itafika. Nitasimama mbele ya watoto waliobaki na karatasi zao mkononi, kama nilivyosema.

Nitamwita nani ubaoni?