Mwaka Ambao Mama Hakufunga

Mama,

Kwaresima imeingia na wewe hupo. Jumatano ya Majivu nilikwenda ibadani peke yangu, nikakaa kwenye lile benchi letu karibu na dirisha. Mchungaji aliposema wenye afya wafunge na wagonjwa wasijitese, niligeuka nikuone unavyokunja uso. Nikaona mkoba wangu tu.

Hapa Kilole hatujambo. Cherehani bado iko barazani, na Baba Joshua bado anarudi kutoka shamba la mkonge Mazinde akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Chumba chako wajukuu wanasomea. Lakini kuna jambo lililotokea siku tuliyokuzika, na ninataka ulisikie kutoka kwangu.

Dada Eliza alifika kijijini kwetu Mpale kutoka Handeni wakati jeneza limeshatolewa nje. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Baada ya maziko, tukiwa tunawagawia watu chakula, alinifuata mbele ya shangazi na akina mama wa kanisani akasema, "Mlimwacha afunge na sukari yake. Mmemfungisha mpaka amekufa." Nilikuwa na sahani mkononi. Nikampa mtu aliyekuwa mbele yangu, nikachukua nyingine. Tangu siku hiyo hakunipigia simu, wala mimi sikumpigia.

Iliniuma, Mama, kwa sababu sisi wote wawili ulitufundisha wewe. Jumatano za Kwaresima ulikuwa unapika kama siku zote, unatupakulia, halafu fungu lako unalifunika kwenye bakuli na kumpelekea yule bibi asiyeona wa njia ya kisimani. Ulisema chakula usichokula kina mwenyewe, kazi yako ni kumtafuta. Ukirudi unachukua jembe unakwenda shambani, hatukusikii ukilalamika. Siku moja mimi na Eliza tulifunga tukashinda tunagombana, ukatuita jikoni. "Ukifunga chakula huku unatafuna watu," ukasema, "bora ule ugali wako ushibe."

Basi wiki ya kwanza ya Kwaresima hii nilifunga, nikakaa kwenye cherehani nashona sare za shule. Njaa ilipouma, maneno ya Eliza yakaanza kupanda. Nikamjibu moyoni. Nikamjibu tena, kwa ukali zaidi. Kufika mchana nilikuwa nimeshona mkono wa shati ndani nje, na sikuwa nimesali hata neno moja. Nikakukumbuka pale jikoni. Nilicheka peke yangu, halafu kicheko kikageuka, nikaweka kichwa juu ya cherehani nikalia.

Ijumaa iliyofuata nilipika makande, nikayatia kwenye hotpoti, nikapanda basi la Handeni.

Ramadhani nayo imeangukia kipindi hiki, kwa hiyo mji ulikuwa umetulia na migahawa mingi imefungwa. Eliza alifungua mlango, akanitazama mimi na mzigo wangu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Nimekuletea makande."

Amekonda, Mama. Alinikaribisha ndani, akaniwekea maji na sahani mezani. Nikamwambia nimefunga. Hapo uso wake ukabadilika. "Usifunge kwa ajili yangu," akasema. "Nakuomba, Tumaini. Wewe usinifungie."

Akakaa chini sakafuni, akaniambia kile alichokuambia wewe peke yako. Ule uvimbe kwenye titi. Alivyoogopa kisu. Alivyokupigia simu akakuomba ufunge na kumwombea, akakuapisha usimwambie mtu. Alivyofanyiwa upasuaji, madaktari wakamwambia wamewahi, na kabla kidonda hakijakauka vizuri akapokea simu ya msiba wako.

"Nilipona mimi akafa yeye," akasema. "Alikaa na njaa kwa ajili yangu na sukari ile. Nimemla mama yangu. Wewe nilikusema pale msibani kwa sababu sikuweza kujisema mwenyewe."

Mama, nilikuwa sijui. Mwezi baada ya mwezi nimembeba dada yangu kama mtu mbaya, kumbe alikuwa amelala chini ya mzigo huo.

Nikamshika mikono. Nikamwambia, "Dada, mama hakufunga. Mwaka mzima aliokaa kwangu hakufunga hata siku moja."

Hakuniamini. Nikamweleza jinsi daktari alivyokwambia, "Bibi, wewe na kufunga basi," ukanuna njia nzima mpaka nyumbani. Nikamweleza ile siku yeye Eliza alipokupigia simu. Ulikuwa umekaa kwenye mkeka, nikasikia ukisema, "Nitakufungia, mwanangu." Nilipokukaripia, ulinirudishia simu ukaniambia, "Mdomo una kazi mbili. Wamenikataza kufunga kula. Kufunga kusema hawajanikataza."

Kuanzia kesho yake ukawa huongei mpaka usikie adhana ya adhuhuri. Wajukuu walidhani wamekuudhi. Jirani akisalimia, unamtikisia kichwa. Saa nne nakuletea uji na dawa, unakunywa wote, machozi yanadondoka na midomo inacheza bila sauti. Mimi sikujua Eliza amekuomba nini, nikadhani unatuombea sisi sote. Kumbe ulikuwa na jina moja. Hata asubuhi ile kiharusi kilipokuangusha, uji ulikuwa umeshaumaliza. Kikombe nilikiosha mimi.

Eliza aliniuliza mara mbili. "Alikunywa?" Nikamwambia, "Alikunywa." "Wote?" "Wote, dada." Ndipo akalia kama mtu aliyeondolewa kitu kifuani, na mimi nikalia naye. Alipotulia akavuta hotpoti akala makande, taratibu, nami nimekaa pembeni namtazama. Sijawahi kufunga siku tamu kama ile. Njaa nilikuwa nayo, tena kali, lakini haikuwa na nguvu juu yangu.

Jua lilipozama, Mama Salma, jirani yake, alituletea futari: magimbi ya nazi, tambi na uji wa pilipili manga. Alikuwa hajui kwamba nimefunga, yeye huleta tu. Eliza akamwambia, "Mdogo wangu naye alikuwa na swaumu yake ya Kwaresima." Mama Salma akacheka akasema basi na tufuturu wote, akakaa nasi. Eliza akaomba kwa Kishambaa, kama ulivyokuwa unaomba wewe. Alikuwa hajaomba tangu ufe, aliniambia baadaye tukitandika kitanda.

Bado anakwenda kliniki. Mpaka sasa majibu ni mazuri, ingawa kila tarehe ikikaribia anapoteza usingizi, na sasa ananiambia. Dawa zake nazo hazimruhusu kufunga, hivyo amejaribu kufunga kwako kule, kwa kunyamaza. Unamjua Eliza. Siku ya kwanza alishindwa kabla ya chai, akanipigia simu kunisimulia alivyoshindwa.

Mimi nitaendelea kufunga, Mama, maadamu nina afya. Ninakuahidi sitafunga tena nikiwa na mtu niliyemfungia moyo, kwanza nitamwendea. Na siku madaktari watakaponikataza, nitakula kwa shukrani bila kununa.

Ijumaa Kuu mimi na Eliza tutapanda pamoja Mpale. Tutang'oa majani juu ya kaburi lako, kisha tutapita kwa shangazi na wale akina mama waliokuwepo, maana Eliza anasema yale maneno aliyasema mbele yao na mbele yao atayafuta. Mimi nilimwambia si lazima. Amekataa. Nitasimama karibu naye.

Lala salama, Mama yangu. Watoto wako tunaongea.

Mwanao,
Tumaini